Mshipa wa Fahamu Unapobanwa Shingoni



Mtu huamka alfajiri shingo imekaza, maumivu yakashuka begani hadi mkononi mithili ya shoti ya umeme, na vidole viwili vikafa ganzi. Wapo wadhanio kuwa ni kiharusi. Wengine hulaumu mto. Mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa.

Shingo ina pingili 7 na jozi 8 za mishipa ya fahamu. Baina ya pingili mna gegedu laini. Gegedu hilo likichakaa au kuchomoza, au mfupa ukiota kinundu, njia ya mshipa husongwa. Ndiyo maana mkono huuma ilhali kasoro iko shingoni. Ganzi ya kidole gumba kwa kawaida huashiria mshipa wa 6. Ya kidole cha kati, wa 7.

Wengi hupona bila upasuaji, katika wiki kadhaa hadi miezi michache. Mgonjwa asishinde kitandani. Afanye kazi nyepesi na mazoezi aliyoelekezwa, ila ndoo ya kichwani aiache kwanza. Maji lita 20 ni kilo 20 juu ya shingo ile ile inayouma. Dawa kama diklofenaki asijinunulie ovyo, hasa mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au ujauzito.

Lakini lipo jambo la kukemewa waziwazi: kuzungushwa shingo na kinyozi hadi ilie. Shingoni hupita uti wa mgongo na mishipa ya damu iendayo ubongoni. Mshipa huo ukichanika, kiharusi kilichohofiwa bure asubuhi huweza kuja kweli jioni.

Asisubiri kupona nyumbani yule ambaye mkono wake unaishiwa nguvu hata kikombe kikamponyoka, miguu yake inayumba, au ameshindwa kuzuia mkojo. Wala aliyeanza kuumwa baada ya ajali, au mwenye homa. Maumivu ya mkono yanayoambatana na kubanwa kifua huenda yakawa ya moyo. Mdomo ukipinda ghafla au upande mmoja wa mwili ukilegea, hiyo ni dharura ya kiharusi. Wote hao wapelekwe hospitali mara moja.

Wengine waanzie kituo cha afya. Tabibu asipoagiza eksirei, mgonjwa asinung'unike, kwani picha hiyo huonyesha mifupa, si mshipa wa fahamu. Linalomsaidia zaidi tabibu ni kuambiwa ganzi iko kidole kipi, na ilianza lini.