Sanduku la Kufuli Tatu na Kompyuta Isiyoonekana

(Maelezo ya mhandisi wa programu za kompyuta kwa viongozi na wanachama wa vikundi vya akiba na mikopo, Lushoto)



Mkulima wa Lukozi anapopakia viazi na karoti kwenye lori, malipo yake huweza kumfikia kabla lori halijamaliza kona za Soni na kuteremka Mombo. Simu hutetemeka, salio hupanda, mazungumzo yamekwisha. Ni wachache wanaojiuliza fedha hiyo inakaa wapi, na hakuna ubaya kutojiuliza siku ambayo kila kitu kinakwenda sawa. Swali huja siku salio lisipoonekana.

Fedha hiyo haimo ndani ya simu. Simu hubeba laini, na mwenye simu hubeba namba ya siri. Viwili hivyo ni ufunguo tu. Salio lenyewe ni maandishi yaliyomo katika kompyuta za kampuni ya simu, na shilingi zinazowakilishwa na maandishi hayo hukaa benki, katika akaunti ya amana ambayo kampuni hairuhusiwi kuitumia kwa shughuli zake. Ndivyo zinavyoagiza kanuni za fedha za kielektroniki zilizotungwa chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Kila shilingi inayosomeka kwenye simu sharti iwe na mwenzake benki. Mwaka 2014, Tigo Pesa ilipoanza kuwagawia wateja wake faida, chanzo cha faida hiyo kilikuwa riba iliyozaliwa na akaunti za namna hiyo.

Kompyuta zinazotunza maandishi hayo huitwa seva. Seva haina ajabu. Ina kichakataji, kumbukumbu na diski, kama kompyuta iliyo ofisini, isipokuwa haizimwi usiku wala sikukuu. Kwa sababu hiyo hupata joto, na joto hufupisha maisha ya vifaa vyake. Ndiyo maana chumba cha seva huwekewa viyoyozi, betri, jenereta na njia ya pili ya mawasiliano. Mtu wa Lushoto anaweza kudai kwamba mji ulio takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambao Wajerumani waliupandia kukimbia joto la pwani na kuuita Wilhelmstal, ungefaa kwa kazi hiyo kuliko Dar es Salaam. Kwa upande wa ubaridi ana hoja nzuri. Lakini seva hutaka umeme na nyaya zinazoifikia kwa njia zaidi ya moja, na yeyote aliyewahi kukwama kati ya Mombo na Soni wakati wa masika hahitaji kufafanuliwa maana ya kutegemea njia moja.

Hapo ndipo linapoingia neno “wingu”. Wingu halipo angani. Ni biashara ya kukodisha seva: mwenye programu hanunui mashine, hulipia matumizi, na mashine hukaa katika jengo la mtu mwingine. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, na Amazon ikafungua chake Cape Town mwaka 2020. Hapa nchini kipo Kituo cha Taifa cha Data kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam. Kukodi kuna busara yake. Diski ikifa saa tisa usiku, yupo mlinzi na fundi wa kuibadilisha, na mteja huenda asijue kamwe kwamba ilikufa. Mhandisi mmoja na mashine yake chini ya meza hawezi kushindana na hilo.

Kasoro ya wingu iko kwingine. Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikazorota au kutoweka Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Huduma ya fedha inayopigwa kwa nyota na reli haipiti kwenye intaneti. Hupita katika mtandao wa simu wenyewe. Lakini programu ambayo kumbukumbu zake ziko ng’ambo hutegemea nyaya kama hizo. Nyaya zikikatika, kumbukumbu hazipotei. Huwa salama kabisa, mahali ambapo mwenyewe hawezi kuzifikia.

Wahandisi wengi huziona kanuni za benki kama mzigo, na baadhi kweli huchosha: fomu, vibali, ukaguzi juu ya ukaguzi. Hata hivyo katikati ya makaratasi hayo kuna kanuni moja iliyonyooka, nayo ni kwamba kazi hukodishwa lakini jukumu halikodishwi. Benki ikimkabidhi mkandarasi mashine zake, inabaki kujibu mbele ya Benki Kuu na mbele ya mteja, hata kama kosa ni la mkandarasi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo imeweka masharti kwa anayetaka kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Daftari la kikundi cha akiba, lenye majina, namba za simu, namba za NIDA na madeni ya watu, ni taarifa binafsi pia.

Vikundi vya kata vinahusika moja kwa moja. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi vya kijamii, VICOBA vikiwemo, katika daraja la nne, na usajili wake ukakasimiwa kwa serikali za mitaa. Kikundi kilichosajiliwa kinatakiwa kutunza kumbukumbu zake. Sheria haikilazimishi kununua kompyuta.

Chukua kikundi cha wanachama thelathini. Kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu ziko mikononi mwa watu watatu wa nyumba tofauti, kwa kuwa kikundi hakimtwiki mtu mmoja mzigo wa kuaminiwa na wote. Kisha kikundi hichohicho kinanunua programu ya simu ya kutunza hesabu. Programu inawekwa kwenye simu ya katibu, nywila anaijua katibu, na ujumbe wa kuthibitisha unaingia kwenye laini ya katibu. Kufuli tatu zimekuwa moja, na hakuna aliyepiga kura. Katibu akiugua, akihamia Tanga au simu yake ikitumbukia mtoni, madeni na akiba za watu thelathini vinategemea kumbukumbu ya kichwa. Hapo hakuna haja ya mwizi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia programu, kikundi kimwulize muuzaji maswali yanayojibika. Kumbukumbu zitakaa katika nchi gani, na kwa kampuni gani? Ni watu wangapi wanaweza kuwa na nywila zao wenyewe, na je, mfumo huonyesha nani alibadilisha nini na lini? Swali linalowakera wauzaji kuliko yote ni hili: kikundi kikiacha kulipa, kitapewa hesabu zake zote katika faili linalofunguka kwenye kompyuta yoyote, au kitaambiwa mkataba umekwisha? Muuzaji anayesita hapo aachwe, hata kama bei yake ni nafuu. Majibu yaandikwe katika mkataba. Yakibaki katika maneno ya mezani, yatasahaulika.

Na kwa kikundi ambacho tayari kinatumia programu, kazi inaweza kuanza mkutano ujao. Mweka hazina na mjumbe mmoja wapewe nywila zao. Faili la hesabu lihifadhiwe pia nje ya simu ya katibu, na mtu asiye katibu ajaribu kulifungua mbele ya wanachama, ili ijulikane kama linafunguka. Kisha salio la kila mwanachama lichapwe kwenye karatasi, lisomwe kwa sauti, lisainiwe, na karatasi hiyo iingie ndani ya sanduku kabla kufuli hazijafungwa.