Menejimenti Imesema: Historia Tuliyoiacha Nje ya Darasa



Hapa Morogoro Mjini mtu aliyefanya kazi kiwandani husema: "Menejimenti imekataa." Hazungumzii elimu, anazungumzia watu. Kwa miaka mingi nilimsahihisha mwanafunzi aliyelitumia neno hilo hivyo. Nilikosea mimi. Vitabu vya menejimenti tulivyovikuta vinaanza na Mmarekani Frederick Taylor na kitabu chake cha 1911, kana kwamba kabla yake hakuna aliyewahi kusimamiwa. Mwaka 2003 Bill Cooke alionyesha kwamba somo letu limeyaruka mashamba ya watumwa ya Marekani. Na sisi tumeyaruka yetu: kwenye mashamba ya mkonge kibarua alibeba kipande, kadi ya siku 30, na mshahara haukutoka mpaka siku zote zitiwe alama. Ule ulikuwa mfumo kamili wa usimamizi. Sikuwahi kuutungia swali la mtihani.

Sasa tupande milima ya Uluguru tukaone mfano mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Kwenye karatasi mpango ulipendeza. Lakini kwenye miteremko ya Uluguru udongo mzuri ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi unaufukia, unaibua ule wa chini usio na rutuba, na mazao yanadumaa. Mkulima aliliona hilo msimu wa kwanza. Hakuulizwa. Julai 1955 wakulima wakaandamana, Matombo, kwenye milima hiyo, ikachafuka, mtu akauawa, na mpango ukafa. Wachochezi wakatupiwa lawama. Mimi nasema walioandamana walikuwa wametoa tathmini ya mradi, tena bora kuliko ya wataalamu wake.

Miaka miwili kabla ya hapo, 1953, chini ya milima hiyohiyo, shule ya Mzumbe ilikuwa imefunguliwa kuwafundisha machifu na watumishi wa serikali za mitaa. Ndiko chuo chetu kilikotoka. Kisha ukaja 1972. Serikali, kwa ushauri wa kampuni ya Marekani ya McKinsey, ilitangaza Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa tamu. Kilichoshuka mikoani ni maofisa. Halmashauri za wilaya zilifutwa, na za miji zikafuata. Na mwaka huohuo shule iliyozaliwa kuhudumia serikali za mitaa ikageuzwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM. Sheria ya kuzirudisha halmashauri za wilaya ilitungwa 1982. Miaka kumi hiyo, nani alilipa gharama ya ushauri? Si mshauri.

Ndiyo maana siku hizi nasoma mihtasari ya vikao zaidi kuliko nadharia. Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970 ulitaka mashirika ya umma yawe na mabaraza ya wafanyakazi, na huko ndiko sauti ya aliyesimamiwa ilikoandikwa, japo kwa mkono wa karani wa menejimenti.

Wazee wangu mliostaafu viwandani, nina ombi. Kama juu ya kabati nyumbani kuna daftari la vikao hivyo, hata kama limeliwa na mchwa, msimpe muuza karanga. Niiteni nije. Nitalipiga picha hapohapo sebuleni na kuwaachia wenyewe.