Siri ya Nyumba na Haki ya Mtoto

Nakala ya mhadhara uliotolewa baada ya sala ya Tarawehe, Sydney

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.



Mazungumzo yetu usiku huu yanahusu jambo ambalo kwetu husemwa kwa kunong'ona: siri za nyumba, na kijana anayefarakana na babake kwa ajili yake. Safari iliyotuleta huku ilikuwa ndefu, na nyuma yake yapo yaliyoachwa: mke asiyetajwa, mtoto asiyetambulishwa kwa nduguze. Baba husema ananyamaza ili awalinde wanawe. Mtoto haoni ulinzi. Anaona baba mkali, asiyeulizika.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, ameieleza hali hii katika riwaya yake Gravel Heart ya mwaka 2017. Kijana Salim anakua huku babake amehama nyumba na kujitenga na watu. Humpelekea chakula, wala haambiwi kisa chake. Anakwenda London, miaka inapita, na mamake ameshafariki ndipo anaporejea na kusimuliwa na babake yaliyotokea. Hiyo ni hadithi ya kubuni. Lakini ni wangapi kati yetu walioyajua ya wazee wao matangani?

Ndugu zangu, Uislamu umeamrisha sitara. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa amsitiriye Muislamu, Allah atamsitiri Siku ya Kiyama. Dhambi aliyoitubia mzazi, baina yake na Mola wake, mtoto hana ruhusa ya kuichimbua. Suratul Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana.

Lakini si kila kinachofichwa ni sitara. Kikifichwa kinachobeba haki ya mtu, hiyo ni dhuluma. Zaid bin Haritha (r.a.) aliitwa mwana wa Muhammad mpaka ilipoteremka aya ya 5 ya Suratul Ahzab, ikaamrisha watu waitwe kwa baba zao. Hata jina tukufu kuliko yote halikuachwa lifunike nasaba. Mtoto anayefichwa hukoseshwa malezi, matumizi na mirathi. Na ndugu wasiojuana wanaweza hata kuoana.

Nchi hii tunayoishi imeyaonja madhara hayo. Tarehe 21 Machi 2013, Waziri Mkuu Julia Gillard aliomba radhi kwa niaba ya taifa kwa watoto waliotenganishwa na mama zao kwa nguvu, wakapewa walezi wengine. Watu wazima walilia siku ile kwa kilichofichwa wakiwa wachanga. Siri haizeeki kwa aliyenyimwa asili yake.

Nanyi vijana, mkishajua, mfanye nini? Someni Suratu Maryam, aya ya 42 hadi 47. Nabii Ibrahim (a.s.) alimpinga babake katika jambo kubwa kuliko yote, nalo ni ushirikina, lakini mara nne alimwita kwa upole, ewe baba yangu. Alipotishiwa kupigwa mawe, alijibu kwa salamu. Hakulikubali kosa, wala hakuivunja adabu. Na Suratu Luqman, aya ya 15, inakuamrisha usiwatii wazazi katika ushirikina, lakini ukae nao kwa wema.

Hata hivyo, adabu si kunyamazia mateso. Ikiwa siri ya nyumba ni kipigo au kuharibiwa kwa mtoto, anayeijua na aifikishe kwa wenye uwezo wa kuizuia, vyombo vya sheria vikiwemo. Heshima ya ukoo haijengwi juu ya mgongo wa mtoto.

Wazee wangu, tumefundishwa kuwa mwenye cha kuusia asilale siku mbili bila ya wasia ulioandikwa. Basi andikeni, na watajeni watoto wenu wote. Kisha mketi na wana wenu mngali hai, mseme kwa ulimi wenu, kabla hawajaambiwa na watu baki.

Ewe Mola, tusitiri aibu zetu, tupe ujasiri wa kurudisha haki za watu, na uzipatanishe nyoyo za baba na wana. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.