Buibui wa Begani
(Hotuba juu ya alama za askari wa Kiafrika waliopigana Burma)



Leo twataka kusema habari za kipande cha kitambaa. Msicheke, kina maneno mengi.

Mwaka 1943 Waingereza waliunda Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi. Vijana wake walitoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, na Nigeria, Sierra Leone na Gambia. Walipelekwa Burma, nchi iitwayo sasa Myanmar, kupigana na Wajapani. Alama yao ilikuwa buibui mweusi katika duara la manjano. (Si lile vazi la mama zetu wa pwani!)

Kwa nini buibui, wala si simba? Kwa sababu huyo ni Ananse wa hadithi za Waashanti. Ni kama Sungura wetu: mdogo, hana nguvu, lakini ana akili. Wazee wa huko husimulia kwamba hadithi zote zilikuwa mali ya Nyame, Mungu wa mbinguni, naye alidai bei kubwa. Ananse akamnasa chatu, akawanasa mavu, akamnasa chui, kwa werevu mtupu, akalipa.

Tena alishonwa kichwa kikielekea chini. Askari akiinua bunduki kulenga, mkono hunyooka, na buibui hugeuka akamtazama adui.

Ndugu zao wa Divisheni ya 82 walivaa mikuki miwili iliyopishana katika ngata, ile ya kutulizia mzigo kichwani. Maana yake, bila wapagazi hakuna vita. Sisi twaipenda alama hii kuliko zote, maana ni nadra jeshi kumkumbuka mchukuzi. Askari wetu wa Keya, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walivaa kichwa cha kifaru. Ni mnyama wa kutisha, lakini hana hadithi ya kulingana na ya Ananse.

Basi alama zilikuwa za Kiafrika, lakini amri hazikuwa. Maofisa karibu wote walikuwa Wazungu. Seth Anthony wa Gold Coast, aliyepewa uofisa mwaka 1942, alikuwa mmoja wa wachache mno.

Vita vilipokwisha, askari walidai malipo na kazi walizoahidiwa. Tarehe 28 Februari 1948, huko Accra, askari wa zamani waliandamana bila silaha kumpelekea Gavana barua. Ofisa wa polisi Mwingereza akawapiga risasi. Wakafa watatu: Sajini Adjetey, Koplo Attipoe na Praiveti Odartey Lamptey.

Ndugu, kama katika sanduku la babu yako kuna kitambaa chenye kichwa cha kifaru, usikitupe. Kiandikie karatasi: jina lake, kijiji chake, na mwaka aliorudi. Kifaru wamemchora vizuri sana. Aliyemvaa ndiye ambaye hatuna hata jina lake.