Anavaa Mwenyewe?

Wazee wetu, akina baba na akina mama wa Katindo, Goma, tuliokutana hapa Texas, asanteni kunipa nafasi kabla ya chakula.

Mdogo wangu wengi mnamjua. Mlimwona akipanda na bidoni ya maji kutoka ziwani, maneno yake machache, na hakuna jirani aliyemwacha apotee. Kule alilelewa na mtaa mzima. Huku mama amebaki peke yake.

Tulipokwenda kumwombea huduma za watu wenye ulemavu mara ya kwanza, mpimaji aliuliza: anavaa mwenyewe? Mama akajibu upesi: ndiyo. Kumbe kila asubuhi ni mama anayempangia nguo kitandani, shati, suruali, soksi juu yake, kisha anamfunga vifungo kimoja kimoja. Kwake huo si msaada, ni uzazi. Na nani anapenda kumwanika mwanawe mbele ya mgeni? Tukakataliwa.

Jamani, mkiulizwa, hesabuni kila mnachomfanyia mwana wenu. Nani anamkumbusha kuoga? Nani anamshikia pesa? Moto ukiwaka, atatoka? Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 hutazama mambo 7, kama kujihudumia, kuongea, kujifunza na kujiamulia, na humtambua aliyekwama sana katika 3 au zaidi, ulemavu ukiwa ulianza kabla ya miaka 22. Kila jimbo lina masharti yake pia.

Hiyo miaka 22 ndiyo inayotubana. Karatasi zetu za zahanati zilipotea tulipokimbia volkano Januari 2002. Za wengine zimepotea vitani. Basi mpigieni bibi simu Goma angali hai. Mtoto alikaa lini? Alitembea lini? Andikeni, maana mpimaji husikiliza pia waliomwona utotoni.

Wala msingoje amalize shule ndipo mwombe. Hapa Texas jina huandikwa kwanza, kupimwa huja zamu ikifika, na katika orodha ya HCS, mpango wa huduma za nyumbani na katika jamii, wapo waliosubiri zaidi ya miaka 10. Mkihama, pelekeni anwani na simu mpya. Ombeni mkalimani, ni haki yenu na ni bure. Msimbebeshe mtoto wa darasa la sita kazi hiyo. Mkikataliwa, siku ile ile tazameni tarehe ya mwisho ya kukata rufaa.

Mara ya pili mama aliulizwa swali lile lile. Alinyamaza kidogo, akasema: ninamvalisha mimi.

Tukishakula, mimi na mama tutakaa kwenye meza ile ya karibu na mlango. Leteni barua zenu.