Meza ya Kuzunguka: Hesabu Ibaki kwa Fundi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Nakuru)



Nimeombwa kusema juu ya meza ya kuzunguka, ile ifungwayo juu ya mashine ndogo ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta. Reli ilifika Nakuru mwaka wa 1900, na tangu hapo mji huu haujakosa mafundi wa chuma. Sasa wako wenzetu wapendao kuwa na mashine hiyo nyumbani, wachonge gia baada ya zamu. Ni jambo jema. Lakini mtu aweza kuwa na mashine asiwe na hesabu.

Mafundi wa zamani waligawa duara kwa mkono. Kifaa chao kwa kawaida kilitaka mizunguko 40 ya mkono ili kazi izunguke mara moja. Kwa gia ya meno 28, fundi aligawa 40 kwa 28: mzunguko mmoja na sehemu tatu za saba. Kwenye bamba lenye duara la matundu 21, huo ni mzunguko mmoja na matundu 9. Hakubahatisha.

Sasa tazameni kompyuta. Tuseme meza yataka mizunguko 90 ya mota, na mota ina hatua 200 kwa kila mzunguko. Duara zima ni hatua 18,000. Gawa kwa 28: wapata 642 na kipande. Asiyejua huandika 643, akarudia mara 28. Jumla ni 18,004! Zimezidi hatua nne, na jino la mwisho limekuwa jembamba kuliko wenziwe. Ajuaye huhesabu kila jino tangu sifuri, ndipo huchukua hatua nzima iliyo karibu. Hivyo kosa halizidi nusu ya hatua, wala halilimbikizani.

La pili, meno yaliyo ndani ya meza yana ulegevu. Fikieni alama kwa upande mmoja siku zote. Ukiipita, rudi nyuma kupita ule ulegevu, kisha uje mbele tena.

La tatu, ukikata jino moja moja, kaza meza kabla kisu hakijagusa chuma, na uilegeze kabla ya kuizungusha.

Mtauliza, haya yahusu nini chama? Yahusu mshahara. Tajiri akituona twabonyeza kitufe tu, atatulipa ujira wa kubonyeza kitufe. Kwa hiyo naomba chama kidai mambo mawili: mashine mpya ikiletwa karakanani, mafunzo yaje pamoja nayo, na mwenye kuijua kazi apandishwe daraja.

Nasi tulioishia shule ya msingi ya misheni tusiogope. Hesabu hii ni kugawa na kuzidisha, mambo tuliyofundishwa ubaoni. Kila mmoja wenu amfundishe kijana mmoja kabla ya mkutano ujao, kwa kalamu na karatasi kwanza, mashine baadaye.