Fundi Akikosea kwa Mdomo

"Itoe hiyo thamostati, gari halitachemka tena." Ushauri huu unasikika katika gereji nyingi za Nairobi, na madereva wengi huufuata. Kifaa hutupwa, fundi hulipwa, safari huendelea. Kumbe injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto lake, na kompyuta ya gari, ikidhani baridi haijaisha, huongeza petroli. Chanzo chenyewe cha kuchemka, pengine rejeta iliyoziba au pampu ya maji iliyochoka, kinabaki palepale mpaka gasketi ya silinda hedi iungue.

Nani alipe? Fundi husema yeye alishauri tu, mwenye gari ndiye aliyekubali.

Sheria haimwachii kirahisi hivyo. Mwaka 1963, Baraza la Malodi la Uingereza, wakati huo mahakama ya juu kabisa nchini humo, liliamua kesi ya wakala wa matangazo Hedley Byrne dhidi ya benki ya Heller. Majaji walisema mwenye ujuzi maalumu akitoa maelezo, huku akijua msikilizaji atayategemea, anaweza kuwajibishwa kwa uzembe wake. Kanuni hiyo imepokelewa pia na mahakama za Kenya. Ajabu ni kwamba Hedley Byrne wenyewe walitoka mikono mitupu: benki ilikuwa imetanguliza kusema haibebi jukumu lolote.

Basi jirani anayechungulia chini ya boneti na kutoa maoni yake si sawa na fundi anayelipwa kutafuta ubovu. Fundi naye hapimwi kwa ustadi wa mhandisi wa kiwandani Japani, bali kwa ule wa fundi wa kawaida aijuaye kazi yake. Lakini akimwaga mafuta ya kawaida ya gia otomatiki kwenye gia ya CVT, ilhali kitabu cha gari kinataka mafuta ya CVT, utetezi wake utakuwa mgumu.

Kenya imekwenda mbali zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari. Mteja anastahili kupewa makadirio kabla ya kazi, na bili haipaswi kuyapita kwa zaidi ya asilimia 10. Vipuri vipya na kazi ya kuvifunga vina dhamana ya angalau siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia. Vipuri vilivyotolewa navyo mteja anaweza kurudishiwa, na hivyo ndivyo ushahidi wake.

Ushahidi ndipo wengi wanapokwama. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha pesa zilitumwa, hauonyeshi fundi alisema nini. Tena gari lilifika gereji likiwa linachemka tayari. Mlalamikaji lazima athibitishe kwamba ushauri ule ndio uliolimaliza.

Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na inatakiwa kuyaamua ndani ya siku 60. Mteja anaweza kujiwakilisha bila wakili. Anachohitaji ni karatasi ya makadirio iliyoandikwa ubovu uliopatikana na tiba iliyopendekezwa. Karatasi hiyo si silaha ya mteja peke yake. Fundi aliyesema rejeta ibadilishwe, mwenye gari akakataa kwa sababu ya bei, ataihitaji kuliko yeyote siku injini itakapokufa barabarani.